Punguzo la Ukumbi Hulipwa na Nani?

Jumamosi moja ya mwezi wa Shaaban, miaka mitatu iliyopita, magari mawili ya mapambo yalisimama mbele ya lango letu baada ya sala ya alasiri. Moja lilichukua vitambaa vya rangi ya dhahabu, la pili vya kijani. Wapambaji wakashuka, wakatazamana, kisha wote wakatugeukia sisi. Mabibi harusi wawili, koo mbili, ukumbi mmoja, na usiku wa kupamba ni ule ule.

Sisi ni akina mama saba tunaosimamia shughuli za ukumbi wa wakfu katika mtaa mmoja wa Mombasa. Mhariri ametuomba tuwaeleze wasomaji kazi hii ilivyo, kwa kuwa wengi huuona ukumbi usiku wa sherehe tu, taa zimewaka na udi unafuka, wasijue kilichotangulia wala kinachobaki asubuhi yake. Tumeona tuanze na aibu yetu, maana ndiyo iliyotufunza.

Familia ya kwanza ilikuwa imeandikwa katika daftari na risiti yake ilikuwa mkononi. Ya pili haikuwamo daftarini, wala haikuwa na kosa. Baba wa bi harusi alikutana na mzee mmoja wa kamati kwenye baraza ya msikiti, akamtajia tarehe, na mzee akamjibu kwamba siku hiyo ni yake, aondoe wasiwasi. Arbuni ikatumwa kwa M-Pesa katika simu ya mzee mwenyewe. Alikusudia kutuarifu kesho yake. Kesho yake akapata safari ya Malindi, na neno likasahaulika. Hapakuwa na mwizi wala mwongo katika kisa hiki. Palikuwa na madaftari mawili, moja la karatasi na moja la kichwani mwa mtu.

Aliyetuokoa ni bibi yake bi harusi wa pili. Alisikiliza maneno yote ameketi kwenye kiti cha plastiki pale langoni, kisha akasema, "Mjukuu wangu hataingia nyumbani mwake kwa machozi ya mwenziwe. Tafuteni turubai." Tukatafuta. Turubai, mabusati, viti, taa, jenereta na lori la kuvibeba vilikodiwa kwa bei anayotozwa mtu aliyeshikwa na haraka. Kupamba kukafanyika uani kwa jamaa zao, watu wakala na kufurahi, na gharama yote ikalipwa na ukumbi. Hapana aliyepinga, kwa kuwa kosa lilikuwa letu.

Lakini ukumbi hauna pesa zake wenyewe. Kinachoingia hutoka kwenda kwa walimu wa madrasa na kwa karo za mayatima waliomo katika orodha. Mwezi ule walimu walilipwa siku kumi baada ya tarehe yao. Maalim hakutamka neno. Mmoja wetu ndiye aliyemkuta mkewe dukani, akimwomba mwenye duka amwandikie kilo mbili za unga mpaka mwisho wa wiki. Tangu siku hiyo hatujaweza tena kuliona daftari la ukumbi kuwa ni daftari la maharusi.

Yafaa tueleze ukumbi huu ni kitu gani, maana hata majirani wetu wengine hudhani ni mali ya msikiti, au ya serikali, au ya kamati. Si ya yeyote kati ya hao. Palikuwa na bibi mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa na nyumba na kiwanja, akakiweka wakfu. Mali ya wakfu huzuiwa kiini chake na kuachiliwa matunda yake: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, kinachozaliwa nayo huwaendea wale waliotajwa na mwenye kuiweka. Mfano wake mashuhuri ni shamba la Sayyidna Umar huko Khaybar. Alipolipata alikwenda kutaka shauri kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na kwa shauri hilo akaliweka wakfu kwa ajili ya mafukara, jamaa, wasafiri na wageni. Akaweka pia sharti kwamba msimamizi wake anaweza kula humo kwa kiasi kinachojulikana kuwa ni cha haki, bila kujilimbikizia.

Na msimamizi aliyemtaja kwanza kushika wakfu huo baada yake ni nani? Ni binti yake, Bi Hafsa, mama wa waumini. Na baada yake, wenye rai njema katika jamaa zake. Wanaotuuliza ni lini akina mama walianza kusimamia majumba ya wakfu, sisi huwajibu kwa jina hilo moja.

Hapa kwetu Kenya mambo ya wakfu yana tume yake, ambayo makao yake ni hapa Mombasa, na yana sheria: ile ya mwaka 1951, ambayo sasa nafasi yake imechukuliwa na Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022. Hatutaki kuwachosha wasomaji kwa vifungu. Tunalotaka lieleweke ni kwamba upo wakfu wa kizazi, ambao manufaa yake huwaendea watoto na wajukuu wa mwenye kuuweka, na upo wakfu wa heri, ambao manufaa yake ni ya watu wote au ya wahitaji. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyotupatia usiku mwingi bila usingizi.

Kwani haikupita muda tukapigiwa simu na mama mmoja wa makamo, mjukuu wa yule bibi aliyeweka wakfu. Alikuwa anamwoza bintiye. Alisema kwa upole kabisa, "Wanangu, kiwanja hicho ni cha nyanya yangu. Mimi nilichezea hapo utotoni. Leo mnitoze pesa kuingia kwetu?"

Tulinyamaza. Nani angekuwa na jibu? Kwa desturi zetu za pwani, kumkatalia mtu mzima jambo la harusi ni karibu na kumtukana. Na wasimamizi waliotutangulia walikuwa hawamkatalii. Tulipofungua madaftari ya zamani tuliona neno moja limerudiwa kurasa nyingi: "jamaa". Jamaa wa mwenye wakfu, jamaa wa mweka hazina, jamaa wa imamu, rafiki wa jamaa. Wote hao walitumia ukumbi bure au kwa nusu ya bei, na wengi wao walikuwa ni watu wenye uwezo. Aliyelipa bei kamili ni yule asiyemjua mtu: mwenye kibanda cha viazi karai, mshonaji, mjane aliyechangiwa na shoga zake. Yaani mnyonge alikuwa akimlipia mwenye nguvu, na sisi tukiita jambo hilo ukarimu.

Tukaketi na hati ya wakfu pamoja na mwanachuoni mmoja anayeaminika, akatusomea neno kwa neno. Bibi alikuwa ametaja watoto wa madrasa, mayatima wa mtaa, na kwamba wenye msiba wasitozwe kitu. Wajukuu hakuwataja. Mwanachuoni akafunga miwani yake akasema kwamba ukimpunguzia mtu pesa za mali yako umempa sadaka, na ukimpunguzia za mali ya yatima umempa kisichokuwa chako. Alipomaliza kunywa kahawa aliongeza kwamba na yeye, akimwoza mwanawe, tusimpunguzie. Tulicheka, lakini tuliandika.

Yule mama alilipa bei kamili. Hakuridhika, na hatutawaficha kwamba mpaka leo tukikutana sokoni Marikiti salamu yake ni ya mkato. Kila mmoja wetu ana shangazi au khaloo wa namna hiyo sasa. Hiyo ni sehemu ya kazi ambayo hakuna aliyetuambia.

Utaratibu tulioushika baada ya hapo si mgumu kuueleza, ingawa mgumu kuutekeleza. Bei ni moja na imebandikwa langoni. Wanakamati wanalipa sawa na wengine. Msiba haulipiwi kitu, kama alivyotaka bibi. Kwa asiyejiweza pana sanduku lililo mbali na hesabu za wakfu, linalojazwa na familia ambazo Mwenyezi Mungu amezikunjulia. Anayehitaji huja kwa wawili kati yetu, na jina lake haliendi kwa watano waliobaki. Ukumbi hupokea pesa yake kamili, bi harusi hupata ukumbi wake, na punguzo limetolewa na mtu aliyekubali kulitoa.

Na daftari sasa ni moja tu. Pesa haziingii katika simu ya mtu, bali katika nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la wakfu, na tarehe haifungwi kabla arbuni haijaonekana. Neno la barazani, hata likitoka kwa mtu mtukufu vipi, ni salamu tu. Yule mzee wetu wa safari ya Malindi ndiye mkali kuliko wote katika hili. Akiulizwa tarehe njiani huinua mikono juu kama aliyekamatwa na askari.

Pana jambo la kalenda ambalo watu hulipuuza. Familia nyingi huhesabu harusi kwa miezi yetu: kabla ya kuingia Ramadhani, au Mfunguo Mosi baada ya Idi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko ule wa jua kwa takriban siku 11, na Idi yenyewe haijulikani mpaka mwezi uandame. Tulipata kuandika "Idi mosi jioni", mwezi usionekane, na mpishi akawa na mbuzi waliokwisha kuchinjwa ilhali watu wangali wamefunga. Sasa tunaandika tarehe zote mbili ubavuni, na anayetaka siku za Idi hutia saini kwamba anaelewa siku inaweza kusogea. Miezi ya Agosti na Disemba, shule zinapofungwa na jamaa wa ng'ambo wanapokuja likizo, hujaa mapema kuliko yote. Masika, watu hutuachia ukumbi mtupu, na hapo ndipo tunapopaka rangi na kuziba mapaa.

Usiku wa kupamba una mambo yake. Tunaanza na milango. Wapambaji wa siku hizi ni mafundi hodari, ila wana mapenzi na ukuta wa nyuma, ambako ndiko uliko mlango wa dharura. Huufunika kwa vitambaa na maua, wakaweka jukwaa mbele yake, na chini ya vitambaa wakapitisha nyaya za taa. Mishumaa na vyetezo viko hatua chache tu kutoka hapo. Akina mama mia kadhaa, mabuibui ya kitambaa chepesi, watoto wamelala kwenye mabusati: hatuhitaji kuendelea. Kanuni yetu ni kwamba milango yote miwili huonekana na hufunguka, mtungi wa kuzimia moto hausogezwi kuwa egemeo la maua, na mmoja wetu hupita kukagua kabla ya wageni kuingia. Mara mbili tumemwambia mpambaji abomoe alichojenga. Mara ya pili mama wa bi harusi alilia, nasi tukalia naye, na jukwaa likahamishwa.

Kisha kuna simu. Kupamba ni mkusanyiko wa wanawake peke yao. Mtu huvua buibui lake akijua yuko miongoni mwa wenziwe. Dada mmoja aliyekuja ukumbini kwetu aliamka asubuhi akakuta picha yake, nywele wazi na nguo ya sherehe, imezunguka katika simu za watu asiowajua, wakiwamo wanaume wa kazini kwake. Aliyeipiga hakukusudia ubaya. Alikuwa akimpiga bi harusi, na dada yule alikuwa nyuma. Sisi ndio tuliokaribisha watu, na hatukuwa tumeweka chochote cha kumlinda. Sasa wasichana wawili husimama mlangoni na vifuko vya kitambaa vyenye nambari. Simu huingia kifukoni, mwenyewe hupewa kibao chenye nambari ile ile. Mpiga picha ni mmoja, mwanamke, anayejulikana, na kabla ya kupiga hutangaza ili asiyetaka aondoke mbele ya kamera. Wapo wanaotuona tumezidi. Tunawakumbusha kwamba nchi yetu ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, na kwamba taasisi zimekwisha kutozwa faini kwa kusambaza picha za watu bila ridhaa yao. Lakini kwa ukweli, sheria hiyo tuliijua baadaye. Vifuko tulivishona kwa sababu ya dada yule.

Kelele ni mtihani mwingine. Tunaishi na majirani, wengine ni wagonjwa, wengine wana watoto wa mitihani. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zimeweka viwango vya usiku chini ya vya mchana, na saa nne za usiku spika zetu hupunguzwa hata kama tarabu imekolea. Inapoadhiniwa isha, hunyamaza kabisa. Hili hapana aliyewahi kulalamikia.

Tuje kwenye chakula, ambako moyo hutuuma zaidi. Familia ya pwani haikubali kusemwa kwamba wageni walikosa. Kwa hiyo hupikwa kwa wageni waliokaribishwa, na kwa wanaofikiriwa kuja, na kwa wasiofikiriwa. Zamani kilichobaki kilitupwa alfajiri, sufuria baada ya sufuria, na kunguru wa Mombasa wanajua saa zake. Tulipoanza kukigawa tulifanya kosa lingine: tulikiacha mpaka asubuhi ndipo tukipeleke. Wali uliopikwa hubaki na vijidudu ambavyo moto hauviui vyote, na katika joto vijidudu hivyo huzaliana na kutoa sumu isiyoondoka hata wali ukipashwa tena. Watu wa afya husema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na katika joto kali kama la kaskazi, saa moja. Sadaka inayomharisha yatima si sadaka. Siku hizi tunakubaliana na mpishi kabla ya sherehe: sehemu ya pilau hubaki jikoni imefunikwa na ingali motoni, haipelekwi ukumbini mpaka iitishwe, na isipoitishwa hupakiwa ingali ya moto na kuondoka usiku ule ule. Kilichokwisha kukaa kwenye masinia mbele ya watu hakigawiwi. Tunasikitika kukitupa, lakini tunakitupa.

Mifuko ya plastiki, bila shaka, haipo tena tangu ilipopigwa marufuku mwishoni mwa Agosti 2017. Tunatumia vyombo vya watu wenyewe. Kila nyumba katika orodha ina bakuli lake jikoni kwetu, limeandikwa nambari chini yake.

Tumebakisha neno kuhusu wanaofanya kazi. Kwa miaka mingi ukumbi ulifagiliwa na mzee mmoja na akina mama watatu waliolipwa kwa usiku, na usiku ulihesabiwa kuwa ni mmoja, uishe saa tatu au uishe saa nane. Familia zilichelewa kuondoka, zikapiga picha za mwisho, zikaagana mlangoni kama desturi, na wanne hao wakingoja na mafagio yao. Tulijiambia kwamba wanapata thawabu. Siku moja yule mzee alituuliza, bila hasira, kama thawabu hizo na sisi tungependa kuja kuzichuma pamoja naye saa nane za usiku. Tulikwenda. Tulipomaliza kuokota, kufagia, kupiga deki na kubeba takataka, muadhini alikuwa amekwisha kupanda. Wiki iliyofuata tuliongeza katika mkataba malipo ya saa za ziada, yanayotoka katika dhamana ya mwenye sherehe na kuwaendea wafanyakazi moja kwa moja. Ajabu ni kwamba familia zimeanza kuondoka kwa wakati. Umar aliruhusu msimamizi wa wakfu ale kwa haki. Hatuoni vipi mwenye kuufagia angekuwa na haki ndogo kuliko mwenye kuusimamia.

Asubuhi ya Jumapili wawili wetu hufungua ukumbi mapema. Tunasoma mita ya stima, tunapima tangi, tukijua kwamba mifereji ikikauka boza la maji litakuwa gharama nyingine. Tunahesabu viti, na vilivyovunjika tunavitenga na kuviandika kabla mtu hajasema havikuwapo. Hesabu za mwezi hubandikwa kwenye ubao wa madrasa, ambako walimu na wazazi huzisoma: kilichoingia, kilichotoka, na salio. Mwezi wa kwanza tulipozibandika tulikuta mtu amesahihisha jumla kwa kalamu nyekundu. Alikuwa ni mwanafunzi wa darasa la juu, naye alikuwa sawa, tulikosea kujumlisha.

Vitu vilivyosahauliwa huwekwa kabatini, kila kimoja na tarehe yake: hereni moja ya dhahabu, chetezo cha shaba, mtandio wa hariri, miwani miwili. Kiatu cha mtoto cha mguu wa kushoto, chekundu, kipo humo tangu Mfunguo Tatu. Mwenyewe na aje akichukue.